Kichujio Kwanza, Jirani Baadaye

Leo nataka tuzungumze kuhusu kazi inayofanyika ndani ya vyumba vyenye baridi na mngurumo wa feni, mbele ya skrini nyeusi yenye maandishi madogo. Ni kazi ya fundi anayeipa swichi ya mtandao maelekezo ya njia za intaneti, kwa kutumia itifaki inayojulikana kwa herufi tatu: BGP. Nina jambo moja la kusema na nalisema tangu mwanzo, ili hata atakayezima redio baada ya dakika mbili awe amelisikia. Anayesanidi BGP aandike kwanza vichujio vyake, yaani orodha za njia za kukubali na za kukataa, ndipo amuunganishe jirani, yaani mtandao mwingine wa kubadilishana nao njia. Asifanye kinyume chake hata siku moja.

Wapo mafundi wanaonisikiliza, na wapo walimu, wafanyabiashara, madereva na wanafunzi. Nazungumza na wote, maana anayelipa nauli kwa simu na anayetuma fedha kijijini wote wanategemea kazi ya fundi huyu.

Tuanze na intaneti yenyewe. Haina mwenyewe mmoja. Ni mitandao zaidi ya 70,000 inayojitegemea, na kila mmoja una namba yake: kampuni za simu, vyuo vikuu, benki, serikali, na wakubwa wa dunia kama Google. Kwetu Afrika namba hizo, pamoja na anwani za intaneti, hutolewa na AFRINIC, shirika lenye makao yake Mauritius. Lakini kupewa namba na anwani ni jambo moja. Dunia kujua namna ya kukufikia ni jambo jingine. Kwa hilo hakuna ofisi wala ramani kuu. Kuna majirani tu wanaoambiana.

Mfikirie msafiri wa zamani aliyetembea kutoka kijiji hadi kijiji. Hakukuwa na mtu mwenye ramani ya nchi nzima. Kila kijiji kilijua majirani zake, na mzee aliyeulizwa njia alijibu: pita huku kwetu, wenzetu wa ng'ambo ya mto watakuelekeza panapofuata. BGP hufanya hivyo hivyo. Mtandao humwambia jirani yake kwamba anwani fulani zinafikika kwake. Jirani huweka namba yake mbele ya habari hiyo na kuipeleka kwa jirani mwingine, naye hivyo hivyo, mpaka habari ifike upande wa pili wa dunia ikiwa na orodha ya mitandao yote iliyopitiwa. Mtandao ukiona namba yake mwenyewe ndani ya orodha, unaikataa njia hiyo, maana ingezunguka bila mwisho. Na kati ya njia mbili zilizo sawa kwa mengine, yenye orodha fupi ndiyo huchaguliwa.

Utaratibu huu ulizaliwa Januari 1989, mjini Austin, Texas, kwenye mkutano wa wahandisi wa intaneti. Kirk Lougheed wa Cisco na Yakov Rekhter wa IBM walichora mawazo yao ya kwanza kwenye karatasi za kujifutia mikono wakati wa chakula cha mchana. Juni mwaka huo maelezo rasmi yakatoka. Toleo la nne, lililoanza miaka ya tisini, ndilo linalobeba intaneti mpaka sasa. Wakati ule mitandao ilikuwa michache na waliokuwa wakiiendesha walikuwa wakifahamiana. Kwa hiyo BGP ilijengwa iwe inaamini. Jirani akisema anwani fulani ziko kwake, itifaki yenyewe haimuulizi hati wala ushahidi. Imani ile haijaondoka, na wasiofahamiana sasa ni maelfu kwa maelfu.

Sasa twendeni ndani ya kile chumba chenye baridi. Tuseme ni chuo kimoja kilichopata namba yake na anwani zake. Kimenunua intaneti kwa kampuni mbili, ili moja ikikatika nyingine ibebe. Fundi ana swichi moja nzuri. Swichi za zamani zilijua tu ni kompyuta gani iko kwenye poti gani. Nyingi za leo zinasoma anwani za intaneti na kuendesha BGP kama ruta, kile kifaa kinachopitisha data kati ya mitandao. Fundi anachomeka waya wake, anaingia kwenye skrini, anaanza kuandika.

Mstari wa kwanza, namba ya mtandao wa chuo. Wa pili, anwani ya jirani, yaani kampuni ya kwanza, pamoja na namba ya mtandao wake. Wa tatu, jirani wa pili vivyo hivyo. Wa nne, anwani za chuo zinazopaswa kutangazwa. Anabonyeza kitufe. Vifaa vya pande mbili vinafungua mazungumzo kwenye poti 179, vinatambulishana kwa namba, vinapatana vitasubiriana kwa sekunde ngapi kabla ya kuhesabu kwamba mwenzake amekufa, na skrini inaandika kwamba uhusiano umesimama. Njia zinaanza kumiminika. Kurasa zinafunguka. Mkuu wa kitengo anampigia makofi.

Hapo hapo, wasikilizaji, ndipo hatari inapoanza. Vifaa vingi, kwa miaka mingi, vilitengenezwa hivi: usipoviambia vinyamaze, vinamwambia kila jirani kila njia nzuri vinayoijua. Chuo kimefundishwa na kampuni ya kwanza njia za dunia nzima. Sasa kinaigeukia kampuni ya pili na kuiambia: dunia nzima inafikika kupitia kwangu. Kampuni nayo, kwa desturi ya biashara hii, hupendelea njia zinazotoka kwa mteja kuliko za mtu mwingine, kwa sababu mteja ndiye anayelipa. Basi inaweza kuanza kuumwagia waya mwembamba wa chuo mzigo wa miji mizima. Chuo kinazimia. Na watu ambao hawajawahi kusikia jina la chuo hicho nao wanakosa huduma. Mafundi huita jambo hilo kuvujisha njia.

Halafu kuna jambo linaloihusu swichi hasa. Njia za intaneti ya dunia, kwa anwani za aina ya IPv4 peke yake, sasa ni zaidi ya 900,000. Ruta kubwa za kampuni za mawasiliano zimetengenezwa kubeba mzigo huo. Swichi nyingi hazikutengenezewa hivyo. Chipu yake inayopitisha data kwa kasi ina nafasi zenye kikomo, na nafasi zikijaa, njia zinazobaki zinadondoka, au zinaachiwa kichakataji cha kawaida ambacho hakiwezi kasi ile. Tarehe 12 Agosti 2014 dunia ililiona hilo. Njia za intaneti zilivuka 512,000 kwa muda, baada ya kampuni ya Verizon ya Marekani kutangaza takriban njia 15,000 za ziada kwa ghafla. Swichi za Cisco za aina ya Catalyst 6500 zilizokuwa zimeachwa na mgao wao wa kiwandani zilikuwa na nafasi takriban kiasi hicho. Sehemu nyingi za mtandao zikazorota siku hiyo. Mtengenezaji alikuwa ametoa tahadhari miezi kadhaa kabla, na mgao ungeweza kubadilishwa kwa amri chache na kuwasha upya. Mafundi wasiosoma tahadhari zile walizisomea kwenye malalamiko ya wateja.

Kwa hiyo mwenye swichi asiombe njia za dunia nzima kwa sababu tu zinapatikana. Aiombe kampuni njia moja ya jumla, ile inayosema chochote usichokijua nipe mimi, na pengine njia za wateja wa kampuni hiyo. Kwa chuo, kwa benki ndogo, kwa ofisi ya halmashauri, hizo zinatosha kabisa.

Turudi kwenye kuvuja, maana Afrika tunao mfano wetu. Tarehe 12 Novemba 2018, kampuni ya MainOne ya Lagos, wamiliki wa mkongo wa baharini kati ya Ureno na Afrika Magharibi, ilikuwa katika kazi iliyopangwa ya kuboresha mtandao wake. MainOne ilikuwa jirani wa Google, kwa hiyo ilikuwa na njia za kufikia anwani za Google. Njia hizo zilikuwa za matumizi yake na ya wateja wake. Katika mabadiliko yale, kichujio kimoja kikaandikwa vibaya, na njia zaidi ya 200 za Google zikapelekwa kwa China Telecom. China Telecom ikazipokea, ikazitangaza kwa wengine, mpaka kampuni ya Urusi nayo ikazibeba. Watu wa mabara mengine waliotaka kufungua huduma za Google wakajikuta data yao inaelekezwa China, na nyingi ikafia huko. Wengine wakaanza kupiga mbiu ya ujasusi. MainOne ikatoka hadharani na kueleza ukweli: lilikuwa kosa la usanidi wa vichujio vya BGP, na lilirekebishwa ndani ya dakika 74.

Naomba tuitazame habari hii vizuri, kwa sababu wengi huisimulia kama aibu ya Lagos. Kwa maoni yangu si hivyo. Kosa la kuandika linaweza kumpata yeyote aliyekaa mbele ya skrini, na kampuni iliyojitokeza na kueleza ilifanya jambo la kiungwana. Swali langu liko upande wa pili. Aliyepokea alipokeaje? Jirani wa Afrika Magharibi anakwambia ghafla kwamba njia ya kwenda Google, moja ya mitandao mikubwa kuliko yote duniani, iko kwake, nawe unakubali na kuwaambia wengine? Waswahili husema akili ya kuambiwa changanya na yako. Kichujio cha kupokea ndiyo akili hiyo ya kuchanganya. Kosa lile lilihitaji milango miwili iwe wazi kwa pamoja, wa kutoa na wa kupokea. Mmoja tu ungefungwa, dunia isingejua kitu.

Mfano mwingine ni wa zamani kidogo, na namna yake ni tofauti. Tarehe 24 Februari 2008 serikali ya Pakistan ilikuwa imeagiza YouTube ifungwe nchini humo. Kampuni ya Pakistan Telecom, ili kutekeleza agizo, ikaweka ndani ya mtandao wake njia ya uongo ya anwani za YouTube, njia inayoishia shimoni. Njia ile ikatoka nje, kwa jirani aliyekuwa akiipa kampuni hiyo intaneti ya dunia, PCCW ya Hong Kong, naye akaisambaza. YouTube ilikuwa ikitangaza kundi la anwani 1,024. Pakistan ikatangaza kundi dogo la anwani 256 ndani ya lile kubwa. Na kanuni ya intaneti haina upendeleo: kati ya kundi kubwa na kundi dogo linalotaja anwani kwa ukaribu zaidi, dogo ndilo hufuatwa. Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa saa 3:47 usiku, na mitandao dunia nzima ikaanza kuipeleka data ya YouTube Pakistan. Wahandisi wa YouTube walipogundua wakatangaza nao kundi la anwani 256, kisha wakaligawa vipande viwili vidogo zaidi ili wao ndio wafuatwe. Ilipofika saa sita usiku na dakika moja, PCCW ikaziondoa njia za jirani yake na mambo yakatulia.

Kwa aina hii ya pili ya kosa, kutangaza anwani zisizo zako, sasa tuna dawa nzuri. Mwenye anwani anaweza kusaini kidijitali, kupitia AFRINIC kwa sisi wa Afrika, hati inayosema anwani hizi zitangazwe na mtandao wenye namba hii tu, na kwa vipande visivyopungua ukubwa huu. Mitandao mingine inaweza kuviagiza vifaa vyao vikatae tangazo lolote linalopingana na hati. Tangazo la Pakistan lingegonga ukuta huo. Lakini sikilizeni kwa makini, hasa nyinyi mafundi: hati hiyo isingelizuia lile la Lagos, kwa sababu mwisho wa njia zile ulikuwa Google halisi. Kilichokosewa kilikuwa nani amwambie nani. Mwaka 2022 kiwango kipya kilitoka kinachowawezesha majirani kutambulishana tangu salamu ya kwanza, mimi ni mteja wako, wewe ni mtoa huduma wangu, ili njia zisivuke mpaka kimakosa. Ni hatua njema, lakini itachukua muda kuenea kwenye vifaa vyote. Mpaka hapo, kinachotulinda ni mikono ya fundi.

Basi mikono hiyo ifanye kazi kwa utaratibu gani? Kwanza, jirani aandikwe akiwa amezimwa. Swichi zote kubwa zina amri ya kumzima jirani mmoja bila kuwagusa wengine. Pili, kiandikwe kichujio cha kutoa: anwani zangu, basi, na kingine chote kinakataliwa. Kwa chuo chetu ni mistari miwili tu. Tatu, kichujio cha kupokea: nisikubali kwa mtu wa nje anwani zangu mwenyewe, wala anwani za ndani zile zinazoanzia 10 au 192.168 ambazo hazina kazi kwenye intaneti ya wote, wala njia nisizoziomba. Nne, kikomo cha idadi. Kama jirani hunipa njia 50, naiambia swichi ikiona 100 imkate na kunipa taarifa. Kikomo hicho peke yake kimewaokoa watu wengi. Tano, nenosiri kati ya majirani wawili. Ndipo jirani awashwe. Na akishawashwa, kazi haijaisha: fundi atazame kutoka nje, kwa zana za bure zinazoonyesha mitandao mingine inamwonaje, ahakikishe kilichotoka ndicho alichokusudia.

Mwaka 2017 wahandisi wa intaneti waliandika kiwango kinachotaka kifaa kisipokee wala kutangaza njia yoyote kwa jirani wa nje mpaka fundi aandike sera yake. Yaani ukimya umaanishe hapana. Vifaa vipya kadhaa vinafuata hivyo. Lakini Afrika bado ina swichi nyingi za miaka iliyopita, zilizonunuliwa mitumba au kurithiwa, na kwazo ukimya bado ni ndiyo. Fundi asidhani. Asome maelezo ya kifaa kilichoko mezani kwake.

Pengine mtu atauliza, kwa nini basi tujiingize kwenye jambo la hatari namna hii? Si bora kununua waya mmoja kwa kampuni moja na kulala usingizi? Jibu langu ni kwamba BGP ndiyo inayotupa uhuru, na historia yetu wenyewe ni ushahidi. Mwaka 2000 barua pepe kutoka kampuni moja ya intaneti ya Nairobi kwenda kampuni nyingine hapo hapo Nairobi ilipanda setilaiti, ikaenda Ulaya au Marekani, ikarudi. Novemba mwaka huo kampuni za Kenya ziliamua kukutana mahali pamoja. Kituo walichokianzisha, KIXP, kiini chake kilikuwa swichi: kila kampuni ilileta waya wake, ikaendesha BGP na wenzake, na data ya nyumbani ikabaki nyumbani. Baada ya wiki chache mdhibiti wa mawasiliano alikifunga, kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa. Waanzilishi walipigania hoja yao kwa subira mpaka wakapewa leseni, na mwanzoni mwa 2002 swichi ikawashwa tena. Utafiti wa Internet Society wa mwaka 2012 ulionyesha safari iliyokuwa ikichukua milisekunde 200 hadi 600 imeshuka hadi kati ya 2 na 10. Kufikia 2020 kituo hicho kilikuwa kikibeba gigabiti 19 kwa sekunde wakati wa msongamano, kutoka gigabiti 1 mwaka 2012. Uganda walikuwa na kituo chao tangu 2001, Rwanda 2004, nasi Tanzania tunavyo, Dar es Salaam na Arusha miongoni mwake.

Na tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipokatika kusini mwa bara letu, mnakumbuka wenyewe jinsi intaneti ilivyozorota. Mtandao uliokuwa na jirani mmoja tu, tena akiwa nyuma ya mikongo ile ile, haukuwa na pa kwenda. Uliokuwa na majirani zaidi, wenye njia nyingine kweli kweli, BGP yake ilizihamisha njia bila kungoja mtu aamke. Na kilichokuwa kimehifadhiwa kwenye seva za hapa hapa kiliendelea kufika kupitia swichi zetu. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na majirani wengi. Lakini kila jirani unayemwongeza ni mlango unaoongezeka, na kila mlango unataka kichujio chake.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Walimu wa vyuo vya ufundi na vyuo vikuu: msifundishe somo la kumuunganisha jirani wiki hii na somo la vichujio muhula ujao. Yawe somo moja, mtihani mmoja, na mwanafunzi aliyeunganisha bila kichujio ahesabiwe hajaunganisha. Wakuu wa taasisi: msimwagize fundi kubadilisha BGP saa tano asubuhi watu wakiwa kazini, peke yake, huku simu yake inaita. Mpeni muda wa usiku, mpeni mwenzake wa kusoma mistari kabla haijawekwa, na mpeni njia ya kuifikia swichi hata mtandao ukianguka. Na wenye kampuni kubwa zinazouza intaneti kwa wengine: msingoje mteja mdogo ajichuje mwenyewe. Mnajua anwani za mteja wenu, mmezisoma kwenye mkataba. Ziandikeni kwenye kichujio cha poti yake siku ile ile mnayomuunganisha, maana kosa lake likipita kwenu, ni nyinyi mlioiambia dunia.

Fundi kijana unayenisikiliza, ukiingia kazini kesho, kabla ya jambo jingine lolote, fungua usanidi wa swichi yako uhesabu majirani wa nje. Kisha hesabu vichujio: cha kutoa na cha kupokea kwa kila mmoja. Hesabu zisipolingana, hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza ya siku.